Mkondo Wowote, si Mikondo Miwili

Kuna kijitabu cha mafundi wa sola kinachozunguka Tezo, Kilifi, na humo kifaa kinachopokea umeme wa nguzo na wa betri pia kimeitwa "ugavi wa nguvu wa mkondo mbadala na wa moja kwa moja". Maneno kumi na moja, na fundi bado hajajua aunganishe nini na nini.

Linaloniudhi zaidi ni "mbadala". Asili yake ni badala, neno tulilopokea kwa Waarabu: kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Redio, serikali na wauza paneli wote huita sola nishati mbadala. Basi msomaji wa Tezo akikuta "mkondo mbadala" ataelewa ule wa paneli, ambao ni mnyoofu, yaani waenda upande mmoja tu, ilhali mwandishi alikusudia wa stima. Maana imepinduliwa. Na madhara hayaishii kwenye karatasi: transfoma ya stima ukiiunganisha na betri yenye nguvu, kinachouzuia mkondo ni ukinzani mdogo wa waya wake tu, nayo huchemka hadi ikaungua.

Jina la mkondo wa stima ni mkondo geu. Mkondo, kwetu Pwani, ni maji yaendayo kwa nguvu upande mmoja. Geu latokana na kugeuka, ndugu yake kigeugeu. Katika hori ya Kilifi mkondo hugeuka kila baada ya saa sita hivi, maji yajapo na yatokapo. Wa stima ya hertzi 50 hugeuka mara 100 kwa sekunde. Mvuvi haelezwi mara mbili.

Kifaa chenyewe nakiita kilishaumeme, kwa muundo wa kipazasauti na kipimajoto. Hakuna aliyewahi kuita kipimajoto "upimaji wa joto". Sasa "ugavi" wa nini? Kikipokea umeme wa aina zote, ni kilishaumeme cha mkondo wowote. Kamati moja ilinijibu kwamba "wowote" si istilahi, ikashikilia "mikondo miwili". Nasema wazi kuwa wajumbe wale hawajafungua kasha la adapta. "Miwili" humwambia fundi aingize yote kwa pamoja. "Wowote" husema uje huu au uje ule, kifaa kitapokea, na ndivyo kinavyofanya. Mlangoni pana daiodi nne zilizopangwa kama daraja. Mkondo ukiwa geu, jozi mbili hupokezana zamu. Ukiwa mnyoofu, jozi moja hubeba mzigo wote, nyingine hupumzika, na ukikosea chanya na hasi zile zilizopumzika ndizo huamka. Kiambishi -o na shina -ote vimebeba habari hiyo yote bila kuongeza neno.

Kwa matumizi: chagua daiodi zinazostahimili mzigo wote zikiwa mbili tu, weka fyuzi ya mkondo mnyoofu, kwa kuwa cheche yake haipati nukta ya sifuri ya kuzimikia, na kumbuka kuwa mkondo wowote si volti yoyote, kwani kifaa cha volti 240 hakiwashwi na betri ya volti 12.

Kijitabu kikichapwa tena, ukurasa ule uondolewe. Lebo ninayoidai, mathalani kwa kifaa cha volti ndogo, ni fupi: "Kilishaumeme cha mkondo wowote, volti 12 hadi 24, geu au mnyoofu."