Krismasi Darasani

Wengi hudhani kwamba Krismasi ya darasani ni jambo dogo: chai, maandazi, nyimbo mbili tatu, kisha watoto wanafunga shule. Sisi tuliofundisha shule za msingi twajua kwamba nyuma ya chai hiyo liko swali zito: darasa ni la nani?

Swali hilo ni la zamani. Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, hawakuweka ndani yake mafundisho ya dini, maana walijua kwamba wazazi Waislamu wa pwani wasingepeleka watoto wao penye ubatizo. Bara mambo yalikuwa mengine. Huko shule nyingi zilikuwa za misheni, na ndivyo ilivyokuwa hata tulipopata Uhuru mwaka 1961.

Nami nilisoma shule ya misheni. Huko Krismasi haikuwa kipindi, ilikuwa msimu. Tulijenga hori kwa fito na majani makavu ya migomba, desturi ambayo husimuliwa kuwa ilianzishwa na Fransisko wa Assisi kijijini Greccio mwaka 1223. Tuliimba wimbo wa Stille Nacht kwa Kiswahili, bila kujua kwamba aliyeutungia sauti mwaka 1818, Franz Gruber, alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini kama walimu wetu.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikawa za umma. Dini haikufukuzwa. Ilipewa kipindi chake katika ratiba, Wakristo wakaenda kwa mwalimu wao na Waislamu kwa wao. Lakini sheria haikusema lolote juu ya hori lililokuwa pembeni mwa darasa.

Nilikuwa mwalimu mkuu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Elimu ya Msingi kwa Wote ilipokuwa imejaza madarasa yetu. Siku moja, muhula ukielekea ukingoni, mzee mmoja Mwislamu alikuja ofisini. Alikaa, akanijulia hali, kisha akasema: "Mwalimu, mimi sina ugomvi na Krismasi. Pilau ya jirani yangu naila kila mwaka. Lakini mwanangu anafanya mazoezi nyumbani awe malaika. Hiyo ni sherehe, au ni sala?"

Niliitisha kikao cha walimu. Mmoja alisema wanafunzi walio wengi ni Wakristo, basi wachache wafuate. Nikamwambia kwamba katika kuhesabu kura wako wengi na wachache, lakini kwenye rejesta ya darasa kila mtoto ana mstari mmoja tu.

Tuliamua hivi. Mchezo wa kuzaliwa Yesu na nyimbo za kanisani vihamie kipindi cha dini. Chakula, ngonjera na michezo viwe vya wote. Mchele utoke shamba la shule, na mbuzi achinjwe na Mwislamu ili asiwepo mtoto wa kukaa kando na sahani tupu. Na Idd nayo ipate siku yake kwa utaratibu huo huo. Wapo wazazi Wakristo walionilaumu kwamba nimemtoa Yesu shuleni. Niliwajibu kwamba kipindi chake kipo palepale, na kwamba mtoto aliyelazimishwa kuwa malaika hajaongeza Ukristo wa mtu yeyote.

Leo Katiba yetu, katika ibara ya 19, inasema kwamba kueneza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi. Hata hivyo maandishi peke yake hayatoshi. Mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ulimwaga damu ya mtu. Nilipozisikia habari zile nilimkumbuka yule mbuzi wetu. Jambo ambalo watu wazima walishindwa kupatana, walimu wa shule ndogo walilimaliza kwa kikao cha saa moja, kwa sababu mzazi alikuja kuuliza mapema na kwa adabu, akasikilizwa.

Kwa hiyo nawaasa walimu vijana: fanyeni sherehe, msiogope. Lakini kabla ya kuwagawia watoto nyimbo, jiulizeni kama kila mzazi angeweza kusimama mlangoni akatazama, na moyo wake ukatulia.