NBA: Kwa nini nyota wa vyuoni Marekani huondoka kabla ya kuhitimu?

Kila mwaka ikifika Aprili, vijana kadhaa wa mpira wa kikapu kwenye vyuo vikuu vya Marekani hutangaza kuwa wanaacha kuchezea chuo na kwenda kutafuta nafasi NBA. Wengine wana mwaka mmoja tu chuoni. Akiondoka na kufanikiwa, anakuwa milionea akiwa na miaka 19. Akikosea hesabu, anaweza kukosa NBA na chuo pia.

Haya ndiyo mambo ya kufahamu.

Drafti ni nini?

Ni tukio ambalo timu 30 za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, kwa kawaida mwezi Juni. Ina raundi mbili tu, kwa hiyo wanaochaguliwa hawazidi 60 kutoka dunia nzima. Vyuo vya daraja la juu Marekani vina maelfu ya wachezaji wa kikapu. Piga hesabu mwenyewe.

Aliyemaliza miaka yake minne ya chuo anaingia moja kwa moja kwenye orodha ya wanaoweza kuchaguliwa. Anayetaka kuondoka mapema lazima apeleke jina lake siku 60 au zaidi kabla ya drafti.

Nani alifungua mlango?

Zamani NBA haikumruhusu mtu kucheza mpaka miaka minne ipite tangu darasa lake limalize sekondari. Aliyevunja ukuta huo ni Spencer Haywood, kijana wa Mississippi ambaye mama yake alikuwa akichuma pamba. Aliacha chuo mapema, akacheza ligi pinzani ya ABA, kisha akasaini na Seattle SuperSonics mwaka 1970. NBA ikapinga, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1971 Haywood akaruhusiwa kuendelea kucheza.

Baada ya hapo ligi ikaweka sharti kwamba anayetaka kutoka mapema athibitishe kuwa ana shida ya fedha. Sharti hilo likaondolewa mwaka 1976. Magic Johnson aliondoka Michigan State baada ya miaka miwili, mwaka 1979. Michael Jordan aliondoka North Carolina baada ya mitatu, mwaka 1984.

Mbona Kobe na LeBron hawakupita chuo?

Kwa sababu wakati wao iliruhusiwa kutoka sekondari moja kwa moja. Kevin Garnett alifanya hivyo mwaka 1995, Kobe Bryant 1996 na LeBron James 2003.

Mwaka 2005 NBA na chama cha wachezaji wakakubaliana kufunga njia hiyo. Kuanzia drafti ya 2006, mchezaji lazima afikishe miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na kama ni wa Marekani, msimu mmoja wa NBA uwe umepita tangu amalize sekondari.

Ndipo ukazaliwa mtindo wa "mwaka mmoja basi": kijana anaingia chuoni, anacheza msimu mmoja, anaaga. Kevin Durant alikaa Texas mwaka mmoja, Derrick Rose akakaa Memphis mwaka mmoja. Kuanzia 2010 hadi 2022, kila aliyechaguliwa namba moja alikuwa ametoka chuoni baada ya mwaka mmoja tu.

Kwa nini wasisubiri?

Sababu kubwa ni dhamana ya mkataba. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hupata mkataba ambao miaka miwili ya mwanzo ina uhakika wa malipo, na timu ina hiari ya kuongeza wa tatu na wa nne. Kadiri unavyochaguliwa juu, ndivyo mshahara unavyokuwa mkubwa. Raundi ya pili haina uhakika huo. Unaweza kuchaguliwa leo na msimu ukaanza huna timu.

Sababu ya pili ni majeraha. Goti likivunjika ukiwa chuoni, dili la mamilioni linaweza kuyeyuka.

Ya tatu ni umri. Timu hupenda kijana wa miaka 19 anayeweza kukua kuliko wa miaka 22 ambaye kila mtu ameshajua mwisho wake ni wapi.

Akibadili mawazo je?

Anaweza, lakini kwa muda maalumu. Anaruhusiwa kupeleka jina, kuomba tathmini ya NBA kuhusu nafasi yake, na kwenda kwenye kambi ya majaribio Chicago akialikwa. Tangu 2018 anaweza pia kushauriwa na wakala aliyeidhinishwa bila kupoteza haki zake.

Kuna tarehe ya mwisho ya kujitoa iliyowekwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Akiipitisha, kwa kawaida amepoteza haki ya kuchezea chuo. Darasani anaweza kurudi, ila uwanjani hapana.

Hasheem Thabeet na drafti ya 2009

Kwa Watanzania stori hii si ya mbali. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alicheza Connecticut miaka mitatu kisha akaondoka kabla ya mwaka wa nne. Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Katika msimu wake wa kwanza alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, na msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa 2013/14.

Ni rahisi kusema aliharakisha. Lakini tazama drafti ile ile: James Harden, aliyechaguliwa namba tatu, aliondoka chuoni baada ya miaka miwili. Stephen Curry, namba saba, alikaa mitatu kama Thabeet. Wote wawili wakawa wachezaji bora wa NBA. Miaka ya chuo peke yake haikuamua nani atang'ara. Na kwa fedha, kuchaguliwa namba mbili ni nafasi ambayo mwaka wa nne usingeweza kuiboresha sana, ila ungeweza kuiharibu.

Kwani shule inakufa?

Si lazima. Shaquille O'Neal aliondoka Louisiana State mwaka 1992, akarudi kumalizia na kupata shahada mwaka 2000. Curry alipata yake ya Davidson mwaka 2022, tayari akiwa na vikombe vya NBA kabatini. Wapo pia waliomaliza kwanza: Dikembe Mutombo wa Kinshasa alihitimu Georgetown ndipo akaenda Denver Nuggets mwaka 1991.

Nini kimebadilika sasa?

Hela. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na matumizi ya majina yao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote.

Matokeo yake, wanaopeleka majina mapema wamepungua. Kijana anayetabiriwa raundi ya pili sasa anaweza kulipwa vizuri zaidi akibaki chuoni. Wanaotarajiwa juu kabisa bado wanaondoka: mwaka 2025 Cooper Flagg alitoka Duke baada ya mwaka mmoja na kuchaguliwa namba moja na Dallas. Mwenzake Khaman Maluach, raia wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, akachaguliwa namba 10.

Waswahili tuna methali mbili zinazogongana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa vijana hawa, ipi ni kweli inategemea swali moja: utachaguliwa namba ngapi? Aliye na uhakika wa raundi ya kwanza ana sababu ya kuondoka. Asiye na uhakika, leo ana sababu ya kubaki ambayo Haywood hakuwa nayo.