Kusoma Mishipa ya Damu Nyuma ya Jicho

  Leo tuna hadithi ndefu kidogo, kwa hivyo sogea karibu na redio.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa muuguzi mpya, mwenye sukari akija kliniki nilimsimamisha mbele ya chati ya herufi. Akisoma hadi mstari wa chini, niliandika kwenye kadi yake: macho sawa. Kulikuwa na mama mmoja muuza mboga aliyesoma herufi zote bila kukosea. Mwaka haukuisha kabla hajarudi akishikwa mkono na mjukuu wake. Alisema asubuhi moja aliona kitu kama masizi kikishuka ndani ya jicho. Hakusikia uchungu hata kidogo. Yale masizi yalikuwa damu.

Chati ya herufi inapima unachoona leo. Haionyeshi mishipa iliyo nyuma ya jicho, na huko ndiko habari za kesho zinakoandikwa.

Kwa maelfu ya miaka hakuna binadamu aliyeona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mboni ilikuwa tundu jeusi tu. Mwaka wa 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa kinachoingiza mwanga ndani ya jicho na kumwezesha daktari kuchungulia mwanga huo ukirudi. Kwa mara ya kwanza ikaonekana retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na mishipa yake myembamba kama mizizi ya mche. Kumbuka, mama, hapa ni mahali pa nadra mwilini ambapo daktari anaiona mishipa ya damu wazi bila kupasua ngozi. Muda mfupi baadaye, mwaka wa 1855, Eduard Jaeger wa Vienna alieleza madoa aliyoyaona kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari. Wenzake wengi hawakusadiki kwamba sukari ndiyo iliyoyaleta.

Kisha ikaja insulini. Mgonjwa wa kwanza alidungwa Toronto, Kanada, Januari 1922, kijana wa miaka 14. Watu waliokuwa wakifa upesi wakaanza kuishi miaka mingi, na ndipo ugonjwa wa macho ulipojitokeza kwa wingi, kwa sababu unahitaji muda. Sukari nyingi hudhoofisha kuta za mishipa polepole. Kwanza vinatokea vibofu vidogo, halafu mishipa inavuja, kisha mingine inaziba. Retina ikikosa hewa safi inaitisha mishipa mipya, na hiyo mipya ni dhaifu mno. Ikipasuka, ndiyo yale masizi.

Mwaka wa 1968 wataalamu walikutana Airlie House, Marekani, wakakubaliana namna moja ya kupanga hatua za ugonjwa huu kwa kutumia picha. Kufikia 1976 utafiti mkubwa wa huko ulikuwa umeonyesha kwamba leza, yaani mwanga mkali wa kuchoma retina kidogo kidogo, hupunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi. Swali likabaki: nani achomwe, na lini? Utafiti mwingine wa watu 3,711, ulioanza 1980, ulifuata picha zao mwaka baada ya mwaka. Kutokana nao madaktari wanaigawa retina robo nne na kuhesabu. Je, damu imevuja kwa wingi katika robo zote 4? Je, vena zimefura na kubanwa kama uzi wa shanga katika robo 2? Je, kuna vijishipa vilivyopotoka waziwazi hata katika robo 1? Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kuwa onyo kali: karibu nusu ya macho ya namna hiyo huota mishipa mipya ndani ya mwaka mmoja. Na mwenye jicho hilo anaweza kuwa bado anasoma chati yote!

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka wa 2007 na 2008 watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho Nakuru. Kati ya waliokuwa na kisukari, zaidi ya theluthi moja walikuwa na madhara kwenye retina. Aliyeongoza kazi hiyo, Dkt. Wanjiku Mathenge, Mkenya mwenzetu, baadaye alifanya utafiti mwingine Kigali. Huko kompyuta iliyofunzwa kusoma picha za retina ilitoa jibu papo hapo. Matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba kati ya waliotumwa hospitali, zaidi ya nusu ya waliopewa jibu hapo hapo walikwenda. Waliosubiri jibu kwa siku kadhaa, walikwenda kama wanne kati ya kumi. Mimi sishangai. Nauli ya kutoka Chwele hadi Bungoma mara mbili si mchezo.

Mwaka wa 2021 watafiti wengine walionyesha kwamba kompyuta, ikipewa picha za macho ambayo bado ni mazima, inaweza kukadiria ni yapi yataanza kuharibika ndani ya miaka miwili. Ni makisio, si unabii. Hapa Trans Nzoia tunaijua zaidi simu ya kupimia macho, iliyojaribiwa katika utafiti wa shule 50 za msingi uliochapishwa 2018. Ile ni nzuri, lakini kipimo chake ni cha kuona, kama chati yangu. Haichukui nafasi ya picha ya retina.

Basi, mwenye kisukari cha watu wazima aangaliwe retina siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba aangaliwe mapema, miezi ya kwanza, kwa maana mimba inaweza kuharakisha ugonjwa huu. Kisukari kilichoanza ndani ya mimba hakileti hatari hiyo kwa kawaida, lakini upimwe sukari tena baada ya kujifungua.

Pale kliniki unaweza kutiwa matone ya kupanua mboni, na utaona ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe baiskeli wala pikipiki siku hiyo. Njoo na mtu, na kofia ya kukinga jua. Ukifika, uliza hivi: je, mishipa ya nyuma ya jicho imeangaliwa, au ni herufi tu? Muuguzi akikukasirikia, mwambie umelisikia swali redioni. Kwaheri hadi wiki ijayo.