CHETI CHA USTADI: Namna kinavyoboresha kazi, na pale kinapokosa thamani

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la ajira la leo, methali hiyo haimfai kila fundi. Mwashi aliyejenga nyumba kwa miaka 20 katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kianjokoma, Kaunti ya Embu, huenda akawa stadi kuliko kijana aliyetoka chuoni juzi. Hata hivyo, kazi ya kujenga madarasa inapotangazwa, kijana mwenye karatasi ndiye anayeandikwa kwanza, naye mkongwe huitwa baadaye kubeba kokoto.

Je, karatasi hiyo ina faida gani kwa kazi yenyewe? Je, humfanya fundi afanye kazi bora, au ni pambo la kuanika ukutani? Suala hili linawahusu mafundi, waajiri na wananchi wanaolipia kazi ambayo hawana uwezo wa kuikagua.

Wakazi wa miteremko hii ya Mlima Kenya si wageni wa mambo ya kupima ubora. Mkulima wa kahawa anafahamu kuwa punje za AA hazichanganywi na za AB, na kwamba kila gredi ina bei yake. Mkulima wa chai naye anajua kuwa kituo cha kununulia majani hutaka majani mawili na chipukizi, na kwamba majani makuukuu hurudishwa. Zao hupimwa kwa kipimo kinachojulikana na wote. Ujuzi wa binadamu, kinyume chake, kwa muda mrefu umepimwa kwa sifa za mdomo tu.

Aina tatu za karatasi

Watu wengi huchanganya karatasi tatu ambazo hazifanani. Ya kwanza ni cheti cha masomo, kinachoonyesha kuwa mtu alihudhuria kozi na kuikamilisha. Ya pili ni cheti cha ustadi, kinachoonyesha kuwa mtu alipimwa na chombo kisichokuwa mwajiri wala mwalimu wake, akathibitishwa kuwa anaweza kutenda kazi fulani. Ya tatu ni leseni, yaani ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi hiyo.

Nchini Kenya, cheti cha ustadi kinachojulikana zaidi miongoni mwa mafundi wa jua kali ni kile cha mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya iliyokuwa Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, baada ya sheria kufanyiwa marekebisho mwaka 2011. Mitihani hiyo ina madaraja matatu. Mtahiniwa huanza Gredi ya Tatu, hupanda hadi ya Pili, kisha ya Kwanza. Hupimwa kwa nadharia na kwa vitendo: seremala hutengeneza kiungo cha mbao, mwashi hujenga ukuta, fundi wa umeme huunganisha nyaya.

Wahasibu nao wana ngazi yao. Bodi ya mitihani ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, ndiyo hutahini wanaotaka kuhitimu kuwa wahasibu wa umma, CPA. Mhitimu akishajiunga na chama cha wahasibu, ICPAK, hutakiwa kuendelea kujifunza kila mwaka. Kwa wananchi wa eneo lenye vyama vya ushirika vya kahawa na vyama vya akiba na mikopo, hili si jambo dogo. Anayetunza daftari za chama ndiye hushika jasho la wanachama.

Jinsi cheti kinavyoboresha kazi

Faida ya kwanza ya cheti hupatikana kabla cheti chenyewe hakijatolewa. Mtu anayejiandaa kupimwa na mgeni hulazimika kujua sababu ya kila anachokifanya. Tutoe mfano wa zege. Kwa mihimili na sakafu za kawaida za nyumba, mafundi hutumia uwiano wa 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Fundi aliyejifunza kwa kutazama tu huenda akaujua uwiano huo, lakini asijue kuwa maji yakizidi zege huwa dhaifu. Huongeza maji kwa sababu mchanganyiko laini ni rahisi kumwaga na kusawazisha.

Kianjokoma ni mahali pa baridi na mvua nyingi. Mchanga uliolala nje usiku kucha huwa tayari umebeba maji, na saruji huchelewa kukaza penye baridi. Vilevile, zege huhitaji kuhifadhiwa na unyevu kwa angalau siku saba ili lipate nguvu. Fundi anayezifahamu sababu hizi hupunguza maji, huchelewesha kuondoa mbao za fomu, na humwagilia zege hata kama mwenye nyumba anamhimiza amalize. Asiyezijua hurudia alichokizoea, awe amefika nyanda za joto za Mbeere au yuko karibu na msitu wa mlima.

Faida ya pili humwendea mteja. Kazi nyingi muhimu hufichika punde zinapokamilika. Nondo humezwa na zege, nyaya hufunikwa kwa lipu, mabomba hufukiwa ardhini. Mwenye nyumba hawezi kuona kosa hadi ukuta upasuke au moto uzuke. Kwa kuwa hana uwezo wa kukagua kazi, hana budi kumkagua mfanyakazi. Cheti cha chombo huru humpa pa kuanzia.

Faida ya tatu ni mipaka. Leseni za mafundi wa umeme zinazotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, zimepangwa kwa madaraja. Mwenye leseni ya C2 huruhusiwa kuweka umeme wa fezi moja, ule wa nyumba za kawaida. Kazi ya fezi tatu huhitaji daraja la juu zaidi, na daraja la A1 ndilo la juu kabisa. Mpango huu hueleza anachoweza mtu, na pia husema wazi asichopaswa kukigusa. Katika viwanda vya chai kama Mungania na Rukuriri, ambako mitambo mikubwa ya umeme na mvuke huendeshwa karibu na watu, mipaka ya aina hiyo hulinda maisha.

Pale cheti kinapokosa maana

Hata hivyo, si kila king'aacho ni dhahabu. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ilitangaza kuwa uchunguzi uliofanywa katika taasisi za serikali ulikuwa umegundua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Watu hao walikuwa wameajiriwa, wakipokea mishahara na wengine wakipandishwa vyeo. Cheti kisichothibitishwa kwa aliyekitoa hakimwambii mwajiri lolote.

Pili, cheti hakiwezi kuchukua nafasi ya usimamizi. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la makazi liliporomoka katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi na kuwaua watu wapatao 50. Wakati huo, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, tayari ilikuwa na jukumu la kusajili wanakandarasi na kuwaidhinisha wafanyakazi stadi wa ujenzi pamoja na wasimamizi wao. Sheria ilikuwapo, na orodha za waliosajiliwa zilikuwapo. Lakini kipimo kisichofuatwa mahali pa kazi hakimkingi yeyote.

Tatu, cheti hupima uwezo wa mtu kwa siku aliyotahiniwa. Hakipimi kama mwajiri wake amempa vifaa, muda na malipo ya haki. Fundi wa Gredi ya Kwanza akipewa saruji pungufu, atajenga ukuta dhaifu sawa na asiye na cheti. Kwa hivyo mwajiri anayetaka kazi iboreke hana budi kujiuliza kwanza: tatizo letu ni ukosefu wa ujuzi, au ni ukosefu wa zana, maagizo yasiyoeleweka, ama mishahara inayochelewa? Mafunzo na mitihani hutibu ugonjwa wa kwanza pekee.

Njia ya waliojifunza kazini

Dosari kubwa ya mfumo wa zamani ilikuwa kumfungia nje aliyejifunza bila kuketi darasani. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Viwango vya Kufuzu, KNQA, na kuweka ngazi moja ya kitaifa yenye viwango 10, ambapo shahada ya uzamifu ndiyo ya juu. Chini ya mpangilio huo kumeanzishwa utambuzi wa ujuzi wa awali, ambao sera yake ya kitaifa ilizinduliwa mwaka 2024.

Utaratibu huo haumrudishi mkongwe kwenye dawati. Mwombaji hueleza kazi anayotaka kutambuliwa kwayo, hupewa ushauri, kisha hukusanya ushahidi: picha za kazi alizofanya, barua za wateja, nyaraka za ajira. Baadaye watathmini humhoji na kumtazama akifanya kazi. Akionekana kuwa na upungufu, huelezwa ni katika sehemu gani, ili ajifunze hiyo tu. Anayefaulu hupewa cheti.

Hapa ndipo cheti kinapotimiza haki. Hakimpi mwashi ujuzi mpya kwa usiku mmoja, bali humwonyesha mahali anapojua na mahali anapobahatisha. Kwa mtu ambaye kwa miaka 20 hakuwahi kukosolewa na mjuzi mwenzake, huo ni msaada mkubwa kuliko karatasi yenyewe.

Wajibu wa mwajiri na wa mfanyakazi

Mfanyakazi anapaswa kuanza kwa kutunza kumbukumbu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi kinachoonyesha aina ya kazi aliyofanya na muda aliouhudumu, isipokuwa kama alifanya kazi kwa chini ya wiki nne mfululizo. Wengi huondoka mikono mitupu kwa kutojua kuwa hiyo ni haki yao wala si hisani. Nyaraka hizo ndizo ushahidi wa kesho.

Mwajiri naye ana msaada ambao wengi hawautumii. Sheria ya mafunzo ya viwandani humtoza Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mwajiri aliyelipa ada hiyo anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA. Anayelipa bila kuwapeleka watu wake kufunzwa huwa anagharamia mafunzo ya wafanyakazi wa wenzake.

Serikali za kaunti vilevile zina nafasi yao. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo vikiwa na karakana zinazofanya kazi na kuruhusiwa kuwa vituo vya mitihani, fundi wa Kianjokoma hatalazimika kupoteza siku za kibarua na nauli kwenda mbali kupimwa. Gharama hiyo ya siku chache, kwa mtu anayelipwa kwa siku, mara nyingi ndiyo kizingiti kikubwa kuliko mtihani wenyewe.

Mwananchi anayejenga hana sababu ya kudharau sifa za majirani. Lakini kabla ya kumkabidhi mtu funguo za stoo ya saruji, na aombe kuona cheti, aulize kilitolewa na nani, na aende atazame nyumba moja ambayo fundi huyo aliijenga miaka mitano iliyopita. Cheti na kazi vikikubaliana, mwashi huyo anastahili kupewa kazi na kulipwa ujira wa stadi.