Ndege Iliyokuja Voi Kutafuta Ndovu

Wasee, leo tuongee kuhusu ndege ambayo mkia wake unakaa chini.

Ukipita Voi kwa SGR utaona behewa nzima imegeukia dirishani. Kila mtu anatafuta ndovu, simu mkononi. Sasa rudi nyuma hadi Mei 1931. Kuna jamaa alifika hapo hapo Voi kutafuta hao hao ndovu, ila kutoka angani, na hakuwa anataka picha. Anaitwa Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa anaongoza matajiri kwenye safari za uwindaji. Alikuwa amenunua ndege yake ndogo, Gipsy Moth, na alitaka kujua kama inaweza kumwonyesha ndovu wa pembe kubwa kabla wateja wake hawajaanza kutembea porini. Tarehe 14 akaruka kutoka Voi. Ndege ikaanguka na kuwaka moto. Akafa yeye, na akafa mfanyakazi wake aliyekuwa naye, Kamau.

Hiyo hadithi wengi tunaijua kupitia filamu ya 1985, ile ya mapenzi na machweo. Mimi nataka tuiangalie upande wa ndege yenyewe. Kwa sababu aina hiyo ya ndege haijawahi kuondoka Tsavo. Iko huko mpaka leo, na bado inatafuta ndovu.

Kwanza tuelewane ni ndege gani. Moth ya kwanza iliruka Uingereza mwaka 1925. Mwili wa mbao, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Mabawa yenyewe unayakunja nyuma ukaiegesha mahali padogo. Magurudumu makubwa mawili yako mbele, na nyuma mkia unalala chini. Kwa nini mkia uwe chini? Kwa sababu hivyo pua inainuka, na propela inakaa mbali na nyasi na mawe. Kwenye uwanja wa vumbi, hiyo ni tofauti ya kurudi nyumbani na kulala porini.

Lakini ina bei yake. Uzito mwingi uko nyuma ya yale magurudumu makubwa. Jaribu kusukuma toroli ya supamaketi kinyumenyume kwa kasi uone vile inataka kuzunguka ikuangushe. Ndege ya mkia ndivyo ilivyo ikigusa ardhi. Rubani anafanya kazi na miguu mpaka isimame kabisa. Na ikiwa chini haoni mbele vizuri, pua imemziba, kwa hivyo anatembea nayo akiyumba kushoto na kulia ndio achungulie. Ukilegea kidogo tu, mkia unakupita.

Sasa, ni nani walikuwa nazo hapa kwetu? Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi, na ndilo jina unaloliona leo Wilson Airport. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, akapata leseni ya urubani wa biashara na miaka hiyo ya 1930 akawa analipwa kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Akiona kundi, anaandika karatasi na kuwaangushia walio chini. Yaani wazo la Finch Hatton halikufa Voi. Likawa biashara.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1953 jeshi la anga la Uingereza lilitumia ndege aina ya Harvard kuangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Harvard nayo ni ndege ya mkia. Ndege ndogo za kikosi cha akiba cha polisi zilizunguka juu ya miti zikiwaonyesha wenzao pa kupiga. Wakati huu waliokuwa wanatafutwa kutoka juu ni watu. Watu wa Mau Mau.

Ndio maana huwa sipendi tukisimulia hizi ndege kama mapambo ya zamani. Ndege haichagui inamtafuta nani. Mwenye ndege ndiye anachagua.

Na mwenye ndege anaweza kubadilika. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948. Mwaka uliofuata, Marekani, kampuni ya Piper ikaanza kutengeneza Super Cub, ndege ya watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mkia chini kama kawaida. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Lakini majangili hawakusoma hiyo notisi, na 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe pale Nairobi National Park ili dunia ijue hali ni mbaya. Leo Shirika la Wanyamapori, KWS, na shirika la Sheldrick wanatumia Super Cub juu ya Tsavo. Rubani akiona mzoga au nyayo za majangili, anawaita askari walio chini kwa redio. Kazi ni ile ile ya Beryl. Anayenufaika ndiye amebadilika: sasa ni ndovu.

Hapa ndipo najua utauliza: mbona hawanunui kitu kipya, na droni zimejaa kila mahali? Jibu langu ni kwamba hii kitu inatengenezeka. Mwili wa Super Cub ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, juu yake kitambaa. Injini ya silinda nne inapoozwa na hewa, haina rejeta. Umeme wa plagi unatoka kwa magneto, kwa hivyo hata betri ikifa injini haizimi. Kitambaa kikichoka unakivua chote, unatibu kutu, unavisha kingine. Zamani kilikuwa cha pamba, siku hizi ni poliesta. Fundi anakigundisha, anakipiga pasi mpaka kinajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma, anakishona kwenye mbavu za bawa kwa uzi, fundo baada ya fundo, halafu anapaka rangi yenye unga wa alumini ili jua lisikile. Pasi na uzi, wasee! Halafu mtu anapanda juu ya simba na hiyo kitu.

Na inaboreshwa. Super Cub za mwanzo zilikuwa na nguvu farasi kama 90, baadaye zikafika 150. Watu huzifunga tairi kubwa laini za kukanyaga mawe na mashimo, na vibati vidogo juu ya bawa vya kuisaidia kuruka polepole bila kudondoka.

Lakini si kama vile tunafunga Probox springi za miraa. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo ungetarajia niseme makaratasi ni takataka, mikono ndiyo kila kitu. Kwa ndege siwezi kusema hivyo. Kila mabadiliko yanahitaji kibali. Kila kazi inaandikwa kwenye daftari la ndege, na fundi mwenye leseni anaweka sahihi yake. Sababu ni rahisi: hizi ndege zinaoza ndani. Mkia ukiwa chini, maji yanateremka na kukaa kwenye mabomba ya nyuma. Zile nguzo zinazoshika bawa zinaweza kuliwa na kutu kutokea ndani huku nje rangi inang'aa. Usipopima, utajua siku bawa litakapoachia. Daftari linamwambia fundi wa kesho kile fundi wa jana aliona. Ndege ya miaka 60 inaruka kwa sababu kuna watu hawakuacha kuandika.

Basi linganisha hilo na historia yetu. Finch Hatton ana kaburi Ngong lenye mnara. Florence Wilson ana uwanja wa ndege. Beryl ana vitabu. Kamau, aliyekufa kwenye ndege ile ile, dakika ile ile, kwenye masimulizi mengi amepewa jina moja na sentensi moja. Bolti ya Super Cub ina rekodi ndefu kumliko.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Kama una babu, guka au mjomba aliyefanya kazi Wilson, aliyeshona bawa, aliyesukuma ndege kutoka kwa matope, aliyezungusha propela kwa mkono asubuhi, kaa naye chini umrekodi. Muulize jina lake kamili, mwaka, na ndege gani. Kisha andika.