Karafuu, magendo na haki: swali la sheria lililoikabili Msuka

Msuka iko kaskazini mwa Pemba, wilayani Micheweni, njia ya kutoka Konde kwenda msitu wa Ngezi na Ras Kigomasha. Ni makazi ya kale: katika magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, mihrabu ina mwaka 816 wa Hijra, yaani 1414 miladia. Magharibi yake ni mkondo wa Pemba, na baada ya kilomita hamsini hivi za maji ni bara. Jahazi likishika kaskazini-magharibi hufika pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi njia hiyo ilipitisha karafuu usiku, kinyume cha sheria, na waliozipitisha walikuwa watu ambao katika mambo mengine ni waadilifu, wenye kuogopa haramu. Ilikuwaje wasione haya kwa hili? Jibu linatupeleka kwenye kiini cha falsafa ya sheria: amri inapata wapi haki ya kutiiwa?

Tuanze na amri ya mwanzo. Inasimuliwa kwamba Sultani Sayyid Said, alipotaka karafuu ienee Unguja na Pemba, aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na atakayekaidi anyang'anywe shamba. Huko London, mwaka 1832, John Austin alichapisha kitabu kilichoieleza sheria kwa namna inayolingana kabisa na amri ya Sultani: sheria ni agizo la mtawala mwenye uwezo wa kumwadhibu asiyetii. Kama agizo ni zuri au baya, alisema Austin, hilo ni swali jingine.

Lakini swali hilo jingine halikukaa mbali. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuibakisha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shina la zao hili. Mashamba hayo yalichumwa na watumwa, na utumwa ulikuwa halali mbele ya mahakama mpaka tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuufuta. Hata hapo, fidia walilipwa mabwana, si waliotumikishwa. Wafuasi wa Thomas Aquinas husema sheria inayovunja haki ya msingi ya binadamu ni sheria kwa jina tu. Mafakihi wetu nao, tangu Imamu Ghazali, wamefundisha kwamba sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kwa mizani zote mbili, muhuri wa mtawala hautoshi.

Karne ya ishirini ikaleta jaribio jipya. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu uwezo wa kuhodhi ununuzi wa zao hilo kwa ajili ya kuuzwa nje. Sheria ilipita kwa utaratibu wake wote, ila wafanyabiashara wa Kihindi waliigomea, India ikasusa karafuu za Zanzibar, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kukaa nao na kuafikiana. H. L. A. Hart, katika kitabu chake cha 1961, alieleza kwa nini mambo huwa hivyo. Jambazi mwenye bunduki anaweza kukulazimisha umpe fedha, alisema, lakini hawezi kukufanya uone kwamba umewajibika kumpa. Sheria husimama pale watu, hasa wanaoiendesha, wanapoikubali ndani ya nafsi zao kuwa kipimo cha mwenendo wao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ununuzi wa karafuu ukawa mikononi mwa dola, kupitia shirika la biashara la serikali, ZSTC. Katika miaka ya sabini bei ya dunia ilipanda, na mkulima aliendelea kulipwa sehemu ndogo tu ya thamani ya mali yake. Adhabu ya magendo ikafika mpaka kifo. Baharini kulikuwa na KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Magendo hayakukoma.

Mwenye kutaka kuelewa sababu na aende shambani msimu wa uchumaji. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi mepesi kukatika, huvuta tawi kwa kamba, hukata vishada kimoja kimoja. Jioni watu wa nyumbani hukaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Kisha huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, na wingu likitanda kila mtu hukimbia kuanua. Aliyefanya kazi hiyo, akasikia kwamba ng'ambo ya mkondo kilo ileile inalipwa mara kadhaa zaidi, humwambii kirahisi kwamba mwizi ni yeye. Naye ana hoja hata katika fikihi: Mtume (S.A.W.) alipoombwa awapangie watu bei alikataa, akichelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Wanazuoni wa Kishafii wamelishikilia hilo. Ibn Taymiyya, kwa upande wake, aliruhusu bei kupangwa pale inapozuia dhuluma.

Mwaka 2011, chini ya Rais Dkt. Ali Mohamed Shein, serikali ilipandisha bei mpaka shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na ikaweka sera kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria hazikuondolewa, na ununuzi ulibaki wa ZSTC peke yake. Hata hivyo karafuu nyingi zilirudi kwenye vituo vya ununuzi, na magendo yakapungua sana.

Wapo watakaosema hiyo ni tamaa ya fedha, haina uhusiano na haki. Sikubaliani nao. Asilimia 80 ilikuwa ahadi iliyotangazwa hadharani, ambayo mkulima aliweza kuipima kwa hesabu na kuidai. Mwanafalsafa wa sheria Lon Fuller, aliyeandika mwaka uleule wa Mapinduzi, 1964, alishikilia kwamba sheria ina maadili yake ya ndani: itangazwe, ieleweke, iwezekane kutekelezwa, na mtawala mwenyewe aifuate. Mkulima aliyeambiwa kipimo amegeuzwa kutoka mtu wa kuviziwa na boti za doria akawa mshirika katika sheria.

Kwa hiyo wanaopanga bei ya karafuu leo wana wajibu uliothibitishwa na karne mbili za historia. Waueleze umma kipimo wanachotumia, na wakishike hata soko linapoyumba. Adhabu ina kazi yake kwa wachache wasiosikia, lakini haijawahi kuwafanya wengi waone kwamba wanadaiwa utii. Kinachofanya hivyo ni haki ambayo mkulima anaiona kwenye mizani siku anapouza.