Kioo Kilichofunua Koo la Hewa

Koo la hewa la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 11. Ni njia fupi, lakini kila pumzi haina budi kupita humo, iingiapo na itokapo. Uvimbe uotao ndani yake ni ugonjwa wa nadra, nao hukua kwa siri. Mara nyingi mgonjwa haanzi kuhema mpaka njia imekwisha kuzibika nusu au zaidi, na mluzi wa pumzi yake hufanana na wa pumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo hii ilikaa karne nyingi pasipo mtu wa kuifunua.

Aliyeifunua hakuwa tabibu. Mwaka 1854 Manuel Garcia, Mhispania aliyefundisha uimbaji London, alitamani kuona jinsi sauti izaliwavyo. Alitwaa kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakitia kinywani mwake, akakimulika kwa mwanga wa jua uliorudishwa na kioo cha pili. Akaziona nyuzi za sauti yake zikifunguka, na chini yake sehemu ya koo la hewa. Baada yake madaktari wakaweka taa mahali pa jua.

Lakini kioo hakikuweza kushuka. Mwaka 1897, huko Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alipitisha mrija wa chuma mpaka kwenye njia ya pafu, akatoa mfupa uliomkwama mkulima. Mwaka 1966 Mjapani Shigeto Ikeda alileta mrija mwembamba upindao, uliopitisha nuru kwa nyuzi za kioo. Daktari akaweza kuutazama uvimbe kwa urahisi zaidi na kuukata kipande cha kupimwa kwa hadubini, maana pasipo kipande hicho aina yake haijulikani kwa hakika.

Mwanafunzi wa Kimbo, kando ya barabara ya Nairobi na Thika, aweza kuuliza historia hii yamfaa nini. Pumu ni ya wengi, uvimbe huu ni wa wachache. Kuanza na dawa ya pumu si kosa. Kosa ni kuishika miaka na miaka dawa isiyoponya. Mluzi usikikao pumzi iingiapo, makohozi ya damu, na pumu isiyotii dawa ni ishara kwamba njia yenyewe yataka kutazamwe, hata kama picha ya kifua yaonekana safi. Barabara hiyo hiyo ya Kimbo humfikisha mgonjwa Nairobi, penye Hospitali ya Kenyatta iliyoanzishwa mwaka 1901. Aende mapema, awaombe waganga wasitosheke na kusikia kifua chake, bali watazame ndani.